ER, kipande cha 19: yule daktari alimwambia nini yule mume?

#1 Binti Kikwajuni
Assalaamu alaykum. Mwenzenu sijalala, naombeni mnisaidie.

Shemeji yangu kaniletea flashi ina ER, msimu wa kwanza mzima, ile tamthilia ya zamani ya spitali ya Chicago. Nikasema niangalie kimoja tu huku nakuna nazi. Nikaja kushtuka nipo kipande cha 19. Kwa asiyekijua: mama mja mzito anakuja na mumewe, analalamika haja ndogo inambana kila saa. Daktari Mark Greene, yule wa miwani, anampima, anamwambia ni maambukizi ya kibofu, anampa dawa arudi nyumbani. Hata hawajaondoka pale nje, mama anakamatwa na degedege garini. Kumbe kifafa cha mimba. Kuanzia hapo ni kuhangaika usiku kucha. Mtoto anatoka hai, mama anakufa.

Kifo chenyewe sikukililia. Nimelia mwisho. Mume amekaa na kichanga chake mikononi, daktari anaingia, na sisi tumeachwa nje ya kioo. Midomo inacheza, sauti haitoki. Unamuona tu yule mume anavyokunjika.

Maswali mawili. La kwanza, kosa la nani? La pili ndilo linaloninyima usingizi: alimwambia nini?

#2 Urojo Mix
Mimi nna swali la tatu. Nazi imekaukia kwenye mbuzi, watu wamekula nini?

#3 Binti Kikwajuni
Mkate wa jana na chai. Na wamenyamaza, maana waliniona macho.

#4 Kijana wa Amani
Huyo daktari si George Clooney? Namkumbuka, mwenye nywele nzuri.

#5 Mwalimu Hamisi wa Skuli
Siye. Clooney ni Doug Ross, daktari wa watoto. Greene kaigizwa na Anthony Edwards, na nywele zenyewe zilikuwa zinamuaga. Tuweke sawa mengine pia: ER ilianza Marekani 1994, ikaisha 2009, misimu 15. Aliyeibuni ni Michael Crichton, aliyesomea udaktari Harvard kisha akaishia kwenye uandishi. Kipande hichi anachokisema bi dada kilirushwa tarehe 9 Machi 1995. Kimeandikwa na Lance Gentile, naye alikuwa daktari wa dharura kweli kweli, na kilimpa tuzo ya Emmy. Aliyekiongoza, Mimi Leder, akapata ya kwake.

#6 Mpwa wa Kariakoo
Wazanzibari mnaangalia leo vitu vya 1995, ha ha. Sisi huku Bara tushavimaliza.

#7 Mzee wa Malindi
Kijana wa #6, taratibu. TVZ ya rangi tumeiona miaka ya sabini. Nyie mmengoja mpaka 1994 mkapata televisheni, mwaka huo huo Wamarekani wanaanza hiyo ER. Kaa kitako usikilize.

#8 Urojo Mix
Mzee kammaliza. Leteni kafani.

#9 Karafuu Mbichi
Nakuja kwenye swali la kwanza. Kosa la daktari, hakuna mjadala. Mja mzito kakuja, umempima mkojo, hujatulia ukausoma. Haraka yake ndiyo iliyoua. Angemlaza siku hiyo tu yasingefika pale.

#10 Ndugu Tumbatu
Mimi sikubaliani na #9. Yule alikuwa daktari wa mapokezi ya dharura, si wa wazazi. Aliita watu wa juu mara ngapi? Hawakushuka. Mkubwa wa wodi ya wazazi anafika mambo yameshaharibika, cha kwanza ni kumfokea. Mtu hukuwepo, ukija ukute pa kukanyaga! Hilo ni kosa la spitali nzima, yeye kaangukiwa tu.

#11 Karafuu Mbichi
Sawa hawakushuka. Lakini aliyesema "nenda nyumbani" nani?

#12 Urojo Mix
Nyie mnagombania kosa, swali la pili mimi ninalo jibu. Nna ile iliyotafsiriwa, ya yule bwana anayeongea juu ya filamu. Pale daktari anamwambia: "Mwanao mzima. Mama yake hatukumuwahi." Basi. Bi dada kalale.

#13 Binti Kikwajuni
Kweli? Mbona kwangu kimya kitupu?

#14 Mwalimu Hamisi wa Skuli
Kwa asili yake kimya. Hayo maneno ya #12 ni ya mtafsiri, katia mwenyewe. Hao mabwana hata mbwa akibweka wanamtafsiri.

#15 Mkunga Mstaafu
Wa alaykumu salaam wanangu. Nimekaa wodi ya wazazi zaidi ya miaka thalathini, Unguja na Pemba, na hichi kipande mjukuu wangu alinionyesha. Nilimwambia zima, kisha nikamwambia washa.

Mwanangu wa #9, sikiliza. Kifafa cha mimba hakiji na bango. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na mkojo una protini, hapo tunasema huyu yumo hatarini. Kisha kuna kichwa kisichosikia panadol, macho kuona nyotanyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba. Miguu peke yake kuvimba si hoja, wangapi wanavimba na wanazaa salama. Taabu ni kwamba protini inaweza kuonekana pia kwa mwenye maambukizi ya mkojo. Kwa hivyo mtu akiingia na kulalamika mkojo, ukaona mkojo umechafuka, jibu linakujia lenyewe, nalo ndilo linalokupoteza. Sisemi hakukosa. Nasema kosa lake ninalijua lilivyo, maana limekaa karibu na mimi.

#16 Shangazi Bububu
Bi mkubwa, nisaidie na hili. Kwetu walikuwa wakisema mja mzito akila chumvi nyingi ndiyo anapata. Na mama yangu akisema ni kitu kinapita usiku, mtu akikutwa hivyo hapelekwi spitali, anaitiwa fundi.

#17 Mkunga Mstaafu
Chumvi si sababu. Kinachoaminika ni kwamba kondo la nyuma halikujishika vizuri tangu mwanzo, mishipa yake myembamba, damu haipiti inavyotakiwa, ndipo mwili wa mama unapandisha presha. Dawa yenyewe hasa ni kuzaa, na hata hivyo wengine degedege linawakuta siku kadhaa baada ya kujifungua. Na mwenye kujulikana yumo hatarini anaweza kuanzishiwa aspirini ndogo mapema, kuanzia wiki ya 12 hivi, kwa amri ya daktari lakini, msije mkanunua wenyewe dukani.

Hilo la fundi nimelikuta sana. Sikugombana nao. Nilikuwa nawaambia: fundi aje, asome huku gari inakwenda.

#18 Urojo Mix
"Asome huku gari inakwenda." Bi mkubwa nipe ruhusa niiandike nyuma ya daladala.

#19 Ndugu Tumbatu
Shukran bi mkubwa. Swali: ile ya mtoto kukwama bega, daktari akamrudisha ndani. Hiyo ni kweli au filamu?

#20 Mkunga Mstaafu
Ipo vitabuni. Ni ya mwisho kabisa, umeshajaribu kumkunja mama magoti mpaka kifuani, umeshabonyeza juu ya kinena, yote yamekataa. Unakirudisha kichwa na unakwenda kupasua. Mimi sijaifanya wala sijaiona ikifanywa, na sitaki. Pale nilipoiona kwenye kioo nilisimama.

Kilichomuua yule mama ni kilichofuata. Kondo lilibanduka, damu ikakataa kuganda. Ukifika hapo unatia damu juu, inatoka chini. Ndiyo maana sisi mtu akiingia na presha, ndugu tunawaambia mapema wakachange damu, na wao wanatuona wachuro.

#21 Mwalimu Hamisi wa Skuli
Niongeze kidogo hapa, maana tarehe zimenivutia. Kwenye kipande wanampa magnesiamu. Wamarekani walikuwa wanaitumia siku nyingi, lakini nchi nyingine nyingi, Uingereza ikiwemo, walikuwa na dawa zao tofauti. Mwezi Juni 1995, miezi mitatu tu baada ya kipande kurushwa, jarida la Lancet likatoa utafiti mkubwa: magnesiamu inazuia degedege kurudi kuliko diazepamu na kuliko fenitoini. Halafu 2002 ukaja mwengine, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, wenye dalili lakini hawajafikia degedege. Waliopewa magnesiamu, hatari ilipungua kwa zaidi ya nusu.

#22 Mkunga Mstaafu
Kweli mwalimu. Sisi tulikuwa na diazepamu. Magnesiamu ilipokuja tuliiogopa, maana ikizidi inamzuia mtu pumzi. Kila saa unagonga goti uone kama linaruka, unahesabu pumzi, unapima mkojo kwenye mfuko, na sindano ya kalsiamu ipo mezani imeshavunjwa kichwa. Unakaa naye kama unachunga maziwa jikoni.

#23 Kijana wa Amani
Mbona mwanamme yumo ndani ya chumba cha kuzalia? Mimi wangu alipojifungua nilikuwa nje chini ya mwembe na wanaume wenzangu kumi, kila mlango ukifunguka tunasimama wote.

#24 Shangazi Bububu
Na bora ukae huko huko mwembeni. Unataka uone nini?

#25 Kijana wa Amani
Lakini shangazi, yule mume wa kwenye filamu alikuwa anamwambia daktari "mke wangu ana nini" na anajibiwa. Mimi chini ya mwembe namuuliza nani? Mlinzi?

#26 Bwana Wete
Kijana wa #25 kasema la maana. Mimi ndiyo nitoe langu, lisaidie swali la pili.

Dada yangu alitokea Kojani. Mnajua Kojani: kwanza chombo cha kuvuka, kisha gari. Alianza kuumwa kichwa alasiri, bahari inatoka, chombo kimekaa mchangani. Tumengoja maji. Tulipofika spitali, sitoitaja, usiku mkubwa. Walijitahidi wallahi. Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili chake cha salamu tu. Akatoka, akasimama mbele yangu na shemeji, akasema maneno mengi kwa lugha yake, mengi kweli, na mikono anaionyesha hivi na hivi, na macho mekundu. Nesi pembeni anasubiri. Alipomaliza, nesi akatutafsiria: "Mungu kamchukua."

Maneno mawili. Mpaka leo najiuliza yale mengine yalikuwa nini. Kwa hivyo mimi nikiiona ile ya kioo naona wameipatia. Hata ukiwa ndani ya chumba upo nje ya kioo.

#27 Binti Kikwajuni
Innaa lillaahi. Pole sana kaka.

#28 Shangazi Bububu
Pole mwanangu. Ndiyo nikasema, Wazungu wanamwambia mtu kavu kavu amekaa kitini. Kwetu mtu hapewi khabari hivyo. Utapigiwa "bibi hajiwezi, njoo". Hapo bibi ameshakoshwa.

#29 Karafuu Mbichi
Wee! Mimi niliambiwa "babu kazidi kidogo, usiwe na haraka". Nikapanda boti asubuhi. Nashuka Mkoani namkuta baba mdogo, amoo wawili na jirani tusiyesemeshana miaka saba, wote wamevaa kofia, wananisubiri mimi. Nikasema basi. Hakuna aliyefungua mdomo. Yule jirani kanipokea begi.

#30 Urojo Mix
Jirani msiyesemeshana akikupokea begi, hiyo ndiyo hati ya kifo.

#31 Ndugu Tumbatu
Lakini huoni ni uongo? Mtu unasafiri saa nzima unaomba apone na ameshazikwa. Mimi naona bora ya Greene. Amekwenda mwenyewe, kwa miguu yake, na yeye ndiye aliyekosa. Angeweza kumtuma nesi.

#32 Mzee wa Malindi
Si uongo, ni kumpa mtu njia ya kufikia. Khabari nzito haitupwi, inateremshwa. Na kwa hilo la kosa, mnazunguka bure. Siku yake ilikuwa imefika. Angekuwa Chicago, angekuwa Makunduchi. Na imepokewa kwamba mwanamke anayekufa kwa uzazi ni katika mashahidi.

#33 Karafuu Mbichi
Sheikh, kadari tunaikubali wote. Lakini tukiishia hapo bi mkubwa wa #15 alikuwa anagonga magoti ya nini?

#34 Mkunga Mstaafu
Nilikuwa nagonga kwa sababu sikujua siku ya mtu ni ipi.

#35 Mpwa wa Kariakoo
Nimekaa kitako mzee #7, nimesikiliza. Nina hoja yangu. Mnasahau ni hadithi iliyoandikwa. Mama amekufa kwa sababu mwandishi kataka afe. Vipande 18 vilivyotangulia Greene ndiye bora wao, mtulivu. Lazima siku moja avunjike, la sivyo utaangaliaje misimu 15? Hata jina la kipande la Kiingereza, "Love's Labor Lost", wamelichezea: limegeuzwa kutoka jina la mchezo wa Shakespeare, na neno lile lile "labor" maana yake kazi na maana yake uchungu wa kuzaa. Ni mtego tangu mlangoni.

#36 Mwalimu Hamisi wa Skuli
Leo Bara wametoa hoja. Na huyo Greene mwenyewe walimuua baadaye, 2002, uvimbe wa kwenye ubongo, kafia Hawaii.

#37 Binti Kikwajuni
MWALIMU! Nipo msimu wa kwanza!

#38 Mwalimu Hamisi wa Skuli
Astaghfirullah. Samahani bi dada. Nilidhani ishakuwa historia.

#39 Urojo Mix
Mwalimu katoa khabari kavu kavu kama Mzungu. Ungesema "Greene hajiwezi, angalia taratibu".

#40 Shangazi Bububu
Nimecheka mpaka mkaja umefunguka. Mie mwenyewe napenda ile nyengine, ya Seattle, Grey's. Mule kafa Derek, daktari wa vichwa, kapigwa na lori, kapelekwa spitali hawakumpima kichwa. Analala pale anajua wanakosea, hawezi kusema. Hiyo ndiyo iliyonitoa machozi.

#41 Ndugu Tumbatu
Shangazi, umeona? Ni kile kile. Kipimo kimoja hakikufanywa. Hadithi zote za spitali ni kipimo kimoja hakikufanywa.

#42 Kijana wa Amani
Turudi kwenye swali la pili, uzi umeshafika Seattle. Mimi nasema Greene alimwambia ukweli wote: "nilikosea jana, ndiyo maana". Kwa sababu akitoka pale anapanda treni na analia. Mtu aliyesema uongo halii vile.

#43 Karafuu Mbichi
Au analia kwa sababu hakusema. Kamwambia "tumejitahidi", mume akamshukuru, ndiyo kikamchoma. Fikiria uliyemkosea anakupa mkono wa ahsante.

#44 Bwana Wete
#43 hiyo inaniingia. Shemeji yangu alimshukuru yule daktari. Alimshika mikono miwili.

#45 Urojo Mix
Nimeshawaambia alichosema. "Mwanao mzima. Mama yake hatukumuwahi." Tena anakisema ameshika kadi mkononi anaikunja kunja, hajui aiweke wapi. Nyie mnapenda kutunga.

#46 Mwalimu Hamisi wa Skuli
Kadi gani?

#47 Urojo Mix
Kadi ya kliniki, ile ya mama.

#48 Mwalimu Hamisi wa Skuli
Yakhe, kadi ya kliniki Chicago? Mimi sijaiona. Yumo na mikono mitupu.

#49 Urojo Mix
Mwalimu unaangalia umesinzia. Ile ya kukunjwa katikati.

#50 Binti Kikwajuni
Nimekwenda kuangalia tena sasa hivi, kwa ajili yenu nimejiumiza tena. Hakuna kadi. Urojo, hebu tafuta hiyo ya kwako iliyotafsiriwa utuandikie neno kwa neno.

#51 Urojo Mix
Ipo kwenye flashi ya zamani, nikitoka kazini nitaitafuta. Mkishindwa mtaninunulia urojo wa Forodhani na mishikaki miwili.

#52 Shangazi Bububu
Huku tunamngoja, bi mkubwa nikuulize. Wewe ndani ya miaka yote hiyo, ulikuwa unawaambia nini waume?

#53 Mkunga Mstaafu
Swali gumu hilo mwanangu, nimekaa nalo tangu adhuhuri.

Mwanzo nilikuwa nasema maneno mengi. Presha, damu, tulifanya hivi na hivi. Nilikuwa najitetea, sasa ndiyo naona. Mtu anakuangalia mdomo tu, hasikii. Baadaye nikawa nakaa kwanza. Sisemi nimesimama. Naita jina lake, naita jina la mkewe, nasema amefariki. Silizungushi kwa sababu nilikuwa na mmoja nilimwambia "ametutangulia" akaniuliza "katangulia wodi gani?" Akaanza kukusanya vikapu vyake amfuate.

Kisha nanyamaza. Akiuliza najibu. Kama tumekosa nasema tumekosa, na kwa hilo niligombezwa ofisini mara moja, lakini wale watu bado wananiamkia sokoni.

#54 Ndugu Tumbatu
"Katangulia wodi gani." Bi mkubwa umeniua.

#55 Kijana wa Amani
Na mtoto? Unampa mkononi wakati huo huo kama kwenye filamu?

#56 Mkunga Mstaafu
Kuna wanaomtaka na kuna wasiotaka hata kumuangalia siku mbili tatu. Usiwahukumu. Bibi huwa yupo, bibi ndiye anayempokea. Baba namwambia kamuadhinie mwanao sikioni. Nimeona mwanamme hawezi kusema lolote, akaweza ile adhana mpaka mwisho.

#57 Mpwa wa Kariakoo
Huu uzi niliingia kutania. Naondoka kimya kimya.

#58 Mzee wa Malindi
Kaa kijana, chai ipo.

#59 Urojo Mix
Nimerudi. Nimeipata flashi. Nimeangalia mara tatu.

Yule bwana mtafsiri tangu mwanzo hakufunga mdomo. Mlango ukifunguliwa anasema mlango umefunguliwa. Degedege kalitangaza kama mpira. Kafika pale kwenye kioo, kanyamaza. Mpaka daktari yupo kwenye treni, hajasema neno. Sauti yake inarudi mwisho kabisa, anakohoa, anataja namba yake ya simu.

Hakuna "mwanao mzima". Kadi haipo.

#60 Mwalimu Hamisi wa Skuli
Basi mishikaki ni juu yako.

#61 Binti Kikwajuni
Subiri mwalimu. Urojo, sasa yale maneno umeyatoa wapi?

#62 Urojo Mix
Nimekaa nalitafuta hilo saa nzima.

2016. Veranda, saa kumi na moja alfajiri, adhana haijamaliza. Dokta alikuwa kijana kuliko mimi. Kadi ilikuwa ya kwake, mke wangu, jina lake juu na tarehe za kliniki zote kahudhuria, hajakosa hata moja. Mimi nimeshika chupa ya chai na mkoba wa nguo za mtoto.

Nilivyoandika #12 sikuwa na shaka yoyote nimeyasikia kwenye flashi. Wallahi.

#63 Bwana Wete
Pole ndugu yangu.

#64 Mkunga Mstaafu
Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Mwanangu. Na mtoto?

#65 Urojo Mix
Yupo, darasa la tatu. Amekaa hapa ananiuliza kwa nini naangalia kitu kimoja mara tatu. Nimemkaangia dagaa, hali. Anasema wana macho.

#66 Karafuu Mbichi
Dagaa wa Unguja hata mie siwali. Mlete likizo Pemba, tutamchomea changu.

#67 Urojo Mix
Anauliza changu hana macho?